Shajara ya mradi: Hambaka darajani na nyaya mpya gitaa zima

Gitaa ni la mtindo wa Stratocaster: pikapu tatu (sumaku zilizozungushiwa waya, zinazogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) za koili moja, swichi ya hatua tano, voliumu moja na toni mbili, vyote vimefungwa kwenye bamba moja la plastiki. Kinachotakiwa ni hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, ya nyaya nne pale darajani, iweze kugawanywa ibaki koili moja, mvumo upungue, na sauti za juu zisizame voliumu ikishushwa. Sharti moja ndilo lililozaa kazi kuliko mengine yote: pikapu ya kati na ya shingo zisibadilike sauti.

Istilahi za humu: hatua ya 1 ni daraja peke yake, 2 daraja na kati, 3 kati, 4 kati na shingo, 5 shingo. Waya wa ishara ndio unaobeba sauti, ethi ni waya wa kurudia. Herufi k ni kilo-omu.

2 Februari: Vipimo kabla ya kugusa waya

Picha za kila kiungo kutoka pembe tatu, kisha mita ya umeme. Shingo 5.9k, kati 6.0k, daraja la zamani 6.2k. Hambaka mpya inasoma 8.2k ikiwa nzima na 4.1k kwa kila koili. Namba hizi ziandikwe pamoja na hali ya joto, kwa sababu ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ya nyuzi 10 inatosha kuifanya pikapu ya 6.0k isome zaidi ya 6.2k, na watu wamerudisha pikapu nzima dukani kwa sababu hiyo tu.

Dira iliwekwa juu ya kila pikapu. Ya kati ina ncha ya sumaku iliyo kinyume na ya shingo, na koili yake imezungushwa kinyume. Ndiyo sababu hatua ya 4 haivumi. Stratocaster za kwanza za mwaka 1954 zilikuwa na swichi ya hatua tatu. Wapigaji wakawa wanaikwamisha kati ya hatua na hatua ili wapate pikapu mbili kwa pamoja, na Fender ikaweka ya hatua tano mwaka 1977. Taarifa ya dira itahitajika tena mbele, kwa hiyo iandikwe.

Rangi za nyaya za hambaka hazifanani kwa watengenezaji wote. Hii inafuata mpangilio wa Seymour Duncan: nyeusi ni ishara, kijani pamoja na waya mtupu ni ethi, nyekundu na nyeupe huunganishwa zenyewe kwa zenyewe. DiMarzio hutumia nyekundu kwa ishara, kijani kwa ethi, nyeusi na nyeupe ndizo zinazounganishwa. Anayefuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine hupata gitaa linalolia kwa unyonge au lisilolia kabisa.

Vifaa: hambaka, poti (vikinzani vinavyogeuzwa kwa nobu) mbili za 500k (moja ya voliumu, moja ya toni yenye swichi ya kuvuta), poti moja ya 250k, kapasita mbili za filamu za mikrofaradi 0.022 (zimeandikwa 223), rezista chache, waya wa nyuzinyuzi wa geji 22, tepu ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme, na risasi ya 60/40 yenye flaksi ndani. Flaksi ya asidi ya mafundi bomba isikaribie kazi hii. Inakula shaba taratibu na kiungo hufa baada ya miezi.

9 Februari: Shimo, bamba na shaba

Shimo la daraja kwenye mbao lilikuwa tayari na upana wa hambaka. Bamba jipya limekatwa kiwandani. Tundu za poti kwenye bamba zilikuwa za milimita 8, na poti mpya zina shingo ya inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.5. Tundu moja lilipanuliwa kwa keekee, na bamba likapata ufa wa nywele. Meno ya keekee hushika plastiki na kuivuta. Mawili yaliyobaki yalipanuliwa kwa rima ya mkono, ikizungushwa polepole kutoka upande wa mbele, na hayakupata alama. Ufa umefichwa na nobu lakini umebaki; rima ingenunuliwa mwanzo.

Tepu ya shaba ilibandikwa shimo zima na mgongo wa bamba, vipande vikipandiana milimita 5. Gundi ya tepu husemwa inapitisha umeme, lakini mita ilikuta vipande viwili vya kona visivyoshikana na vingine. Tone la risasi kwenye kila kiungo lilimaliza mashaka. Shaba iliyo pweke, isiyounganishwa na ethi, haizuii chochote.

Waya wa ethi wa nyuzi huenda kwenye bamba la chuma linaloshika springi za nyuma. Chuma kile ni kinene na hunyonya joto: chuma cha kulehemu cha wati 25 kilitoa bonge la risasi lililokaa juu bila kushika. Dawa ni msasa hadi chuma king'ae, wati 60 na ncha bapa.

15 Februari: Poti zinapimwa, haziaminiwi

Poti nyingi za gitaa hutengenezwa kwa ulegevu wa asilimia 20, hivyo 500k ni halali ikisoma popote kati ya 400k na 600k. Za hapa zilisoma 510k na 446k. Ya 510k ikawa voliumu, kwa sababu voliumu ndiyo mzigo unaokaa mbele ya pikapu zote.

Neno mzigo litarudi sana humu. Pikapu hutoa umeme kidogo, na kila ukinzani unaounganishwa kati ya ishara na ethi huifyonza, hasa kwenye kilele cha sauti za juu. Poti ndogo hufyonza zaidi, sauti inapoa. Poti kubwa hufyonza kidogo, sauti inang'aa. Pikapu za koili moja kwa desturi huvalishwa 250k ili makali yapungue. Hambaka, ambayo kwa asili ni nzito zaidi, huvalishwa 500k. Gitaa hili lina aina zote mbili na voliumu moja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwa voliumu chukua poti ya A, ambayo ukinzani wake hubadilika kulingana na sikio. Ya B, ambayo ukinzani wake hubadilika sawasawa, ikitumika, sehemu kubwa ya mabadiliko hujazana karibu na sifuri.

Poti ya kuvuta ni ndefu. Udongo wa kuchezea uliwekwa sakafuni mwa shimo, bamba likabanwa, likafunguliwa: ulibaki unene wa milimita 4 chini ya poti. Shimo likiwa na kina kidogo, toni ya pili itagonga mbao na bamba halitakaa.

22 Februari: Kulehemu

Mgongo wa poti usuguliwe kwanza, kisha chuma chenye nyuzi 370 na ncha bapa, sekunde tatu au nne, basi. Anayetumia chuma cha baridi huishia kukiacha kwa nusu dakika, na joto hilo hupenya hadi kwenye utepe wa kaboni ndani. Poti inaanza kukwaruza kabla haijapigwa hata wimbo mmoja. Kiungo chema hung'aa na kutambaa. Kilichopauka chenye punje kirudiwe. Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe baadaye, risasi ni sumu.

Swichi ya zamani ilikuwa ya kisanduku cha plastiki, miguu minane kwenye mstari mmoja. Mguu wa tatu ulilegea kwa joto la kuondoa waya wa zamani, na kuanzia hapo hatua ya 3 ikawa inapatikana siku nyingine na nyingine haipatikani. Ilibadilishwa na ya fremu wazi, ambayo miguu yake inaonekana na springi zake zinaweza kusafishwa. Gharama isiyopangwa, lakini ilirahisisha kazi ya Machi. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya aina hizi mbili. Mita ya mlio ipite kwenye kila hatua na ramani ichorwe kabla ya waya wa kwanza.

Swichi hii ina pande mbili. Upande wa kwanza huchagua pikapu na kuipeleka kwenye voliumu. Upande wa pili hupokea ishara hiyohiyo kupitia waya mfupi unaounganisha miguu miwili ya pamoja, na kuigawa kwa poti za toni. Hapa toni ya kwanza (250k) itahudumia shingo na kati, toni ya pili (500k) itahudumia daraja. Kwa hiyo mguu wa shingo na wa kati uliunganishwa pamoja kwenye upande wa pili tu. Zikiunganishwa kwenye upande wa kwanza, pikapu hizo mbili zitalia pamoja daima na swichi itaonekana mbovu.

1 Machi: Bamba likifungwa, sauti inakufa

Bamba likiwa wazi kila kitu kilifanya kazi. Pikapu ziligongwa kwa bisibisi na ampi ikajibu. Skrubu zilipokazwa, kimya kabisa.

Kimya na mvumo ni dalili mbili tofauti. Kimya kizito, bila hata chembe ya kelele, ni ishara kugusa ethi. Mvumo mkubwa bila sauti ya nyuzi ni waya uliokatika, ama wa ethi ama wa ishara. Mita kwenye plagi ilisoma omu 0.4, hivyo ishara imegusa shaba mahali fulani. Skrubu zililegezwa moja moja mita ikitazamwa: tatizo lilikuwa mguu wa swichi ya fremu wazi, uliokuwa ukiegemea ukuta wa shimo. Tabaka mbili za tepu ya umeme juu ya shaba ya ukuta huo, na nyingine kwenye tundu la jeki, ambako ncha ya plagi ikiingia husukuma kibati cha jeki hadi ukutani. Hilo la jeki lina hila zaidi, maana mita haitaliona mpaka kebo iwe imechomekwa.

8 Machi: Hatua ya 2 ni nyembamba na ya puani

Besi yote ilipotea pikapu ya daraja na ya kati zilipolia pamoja, ilhali kila moja ikiwa peke yake ilikuwa nzima. Hizo ni fezi zinazopingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

Jaribio halihitaji kuunganisha gitaa. Mita kwenye omu za 20k, ncha nyekundu kwenye ishara ya pikapu, nyeusi kwenye ethi. Lazia bisibisi ya chuma juu ya pikapu, iondoe ghafla, tazama namba inarukia juu au chini kabla ya kutulia. Pikapu zote lazima ziruke upande mmoja. Shingo na kati ziliruka juu, hambaka ikaruka chini.

Kwenye hambaka ya nyaya nne dawa ni kubadilishana nyeusi na kijani, huku waya mtupu ukibaki kwenye ethi, kwa sababu huo umeshikana na bamba la chuma la pikapu. Ukiupeleka kwenye ishara, pikapu nzima inageuka antena. Hambaka ya zamani yenye waya mmoja uliosukiwa ethi kwa nje haikubali njia hii bila kufunguliwa. Jaribio hili lifanywe kabla ya kulehemu. Lingefanywa 2 Februari, pamoja na dira, viungo vinne visingeyeyushwa tena.

9 Machi: Koili iliyobaki si ile inayofaa

Kugawa hambaka ni kuchukua kiungo cha nyekundu na nyeupe, kukipeleka mguu wa katikati wa swichi ya poti ya kuvuta, na mguu wa jirani kwenye ethi. Poti ikivutwa, koili ya upande wa ethi inazimwa na ile ya upande wa ishara inabaki.

Ilifanya kazi, ila hatua ya 2 ikaanza kuvuma kwa nguvu ileile ya koili moja. Mantiki ya hambaka, iliyotengenezwa na Seth Lover akiwa Gibson katikati ya miaka ya 1950, ni koili mbili zenye sumaku kinyume na mzunguko kinyume: sauti ya nyuzi inajumlika, mvumo unafutana. Pikapu ya kati inaweza kuwa mwenzi huyo wa pili, lakini tu koili iliyobaki darajani iwe na ncha ya sumaku iliyo kinyume na yake. Dira ilionyesha ncha sawa.

Marekebisho ni waya mmoja. Mguu uliokuwa kwenye ethi ulihamishiwa kwenye ishara ya hambaka, hivyo kiungo cha nyekundu na nyeupe sasa hugusa ishara poti ikivutwa. Inazimika koili ya kwanza, inabaki ya pili. Mvumo wa hatua ya 2 umekwisha.

Hatua ya 1 iliyogawanywa ni dhaifu, 4.1k tu. Wapo wanaoweka rezista ya omu elfu chache kati ya kiungo na mguu huo ili koili nyingine isizimwe yote. Sauti hunenepa, lakini ule mfutano wa mvumo wa hatua ya 2 hupungua kadiri koili ya pili inavyorudi. Hapa rezista haikuwekwa.

16 Machi: Shingo imekuwa kali, na rezista ya 470k inatafuta makao

Hili ndilo sharti la mwanzo. Zamani shingo ilibeba voliumu ya 250k na toni ya 250k, ambazo zikiwa sambamba ni mzigo wa 125k. Sasa inabeba 510k na 250k, yaani 168k. Kwa karatasi tofauti ni ndogo. Kwa sikio, hatua ya 5 ilipoteza ule uduara wake, na kila kucha iliyogusa uzi ikasikika.

Jaribio la kwanza: rezista ya 470k kati ya mguu wa kuingilia wa voliumu na ethi. Voliumu ya 510k ikawa kama 245k, shingo ikarudi kwake. Lakini hambaka nayo ikapata mzigo huohuo, ikawa tope. Kwa njia hii ni heri kununua poti ya 250k tangu mwanzo.

Jaribio la pili: rezista moja kwa kila pikapu ya koili moja, kwenye miguu ya upande wa kwanza wa swichi. Hatua ya 3 na ya 5 zilikaa sawa kwa 124k, na hatua ya 1 ikabaki huru. Kwenye hatua ya 4 rezista zote mbili zinaingia, mzigo unakuwa 98k. Si vibaya, maana nyaya za kiwandani zenye toni mbili za 250k huipa hatua hiyo 83k, na pikapu mbili zikiwa sambamba haziumizwi sana na mzigo.

Jaribio la tatu ndilo lililobaki: rezista moja tu, kwenye ile miguu miwili iliyounganishwa ya upande wa pili wa swichi, mguu wake mwingine kwenye ethi. Hatua za 3, 4 na 5 zote zinapata 124k. Hatua ya 1 haiioni rezista kabisa. Hatua ya 2 inaona toni zote mbili pamoja na rezista, kama 97k, na masikioni inabaki na ule mlio wake wa kengele. Kifaa kidogo kuliko vyote kwenye mradi ndicho kilichosawazisha gitaa.

Waya mfupi unaounganisha pande mbili za swichi usisahauliwe. Usipokuwepo, toni zote hufa na rezista haifanyi lolote.

29 Machi: Sauti za juu voliumu ikishushwa

Kebo ina ukapasita wake, mara nyingi karibu pikofaradi 100 kwa mita. Voliumu ikishushwa, ukinzani wa poti unakaa mbele ya kebo, na viwili hivyo vinakuwa kichujio kinachokata sauti za juu. Dawa ni kapasita ndogo kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa voliumu.

Kapasita ya pikofaradi 1000 peke yake: kwenye alama ya 4 gitaa lilikuwa kelele ya bati bila mwili. Pikofaradi 680 sambamba na rezista ya 150k: sauti nzuri, lakini rezista hiyo hubadilisha mwendo wa poti, voliumu inabaki juu kwa muda mrefu kisha inaanguka ghafla karibu na sifuri, na anayepandisha sauti taratibu kwa kidole kidogo hataipenda. Iliyobaki ni pikofaradi 1200 na rezista ya 130k zikifuatana. Mwendo wa poti haukuguswa, na kuanzia 10 hadi 3 sauti inapungua nguvu bila kubadilika rangi. Miguu ya vipande hivi ilivalishwa mpira wa kusinyaa; mtupu ungegusa shaba ya bamba.

Kapasita za toni za 0.022 zimebaki. 0.047 ilijaribiwa kwenye shingo na nusu ya chini ya nobu ikawa haina matumizi. Aina ya filamu haikuleta tofauti iliyosikika, na hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa hilo. Thamani ya kapasita ndiyo kazi.

5 Aprili: Vipimo vya mwisho na gharama

Kebo imechomekwa, voliumu 10, mita kwenye ncha na shina la plagi: hatua ya 1 inasoma 8.07k, na poti ikivutwa 4.07k. Hatua ya 2 ni 3.42k, ya 3 ni 5.86k, ya 4 ni 2.94k, ya 5 ni 5.76k. Namba za hatua ya 2 na 4 ni ndogo kwa sababu pikapu ziko sambamba. Hiyo ndiyo dalili kwamba zote mbili zimeingia. Hatua ya 4 ikisoma karibu na 6k, moja haijaunganishwa. Toni haziathiri vipimo hivi, kapasita huzuia umeme mnyoofu. Voliumu kwenye sifuri isome sifuri, au karibu mno nayo.

Mvumo: hatua za 3 na 5 bado zinavuma karibu na transfoma, na zitaendelea, kwa kuwa shaba huzuia kelele za nyaya na taa lakini sumaku ya transfoma hupita humo. Mkono ukigusa nyuzi kelele hupungua kidogo, kama inavyotakiwa. Kama ingeongezeka, ishara na ethi zingekuwa zimebadilishana kwenye jeki.

Hambaka peke yake iligharimu zaidi ya vifaa vingine vyote kwa jumla. Iliyofuata ni poti ya kuvuta, kisha swichi ya pili, ambayo isingehitajika kama ya kwanza ingeondolewa waya kwa kukata na si kwa kuyeyusha. Rezista na kapasita zote, pamoja na zilizokataliwa, hazikufikia bei ya seti moja ya nyuzi. Vilivyopotea ni swichi moja, bamba lenye ufa, na karibu robo ya rola ya shaba iliyobanduliwa kwa kukatwa vibaya kwenye kona.